Yaliyorukwa kwenye Wasifu

Wasifu umesomwa kwa dakika nne:
alizaliwa, alisoma, alitumikia, ameacha wajane wawili.
Mimi niliyekuwa karani wake
nilisimama nyuma, ukingoni mwa turubai,
nikihesabu yaliyorukwa.

Halikutajwa trekta alilolipaka grisi
Kongwa, enzi za karanga,
wazungu walipodhani udongo wetu utawatii,
nao ukakauka ukawa sakafu.
Walipoondoka, Lameki Chipanha alibaki na spana moja
na sauti iliyozoea kushindana na injini.

Haikutajwa sitini na tano:
mgombea mmoja jembe, mwingine nyumba,
na yeye akapewa nyumba.
Tukajua tumekwisha. Nani Ugogoni
ataliacha jembe mawingu yakianza kujikusanya?
Pale Mlali akapanda juu ya debe lililopinduliwa,
akauliza tu:
"Hilo jembe, usiku, hulala wapi?"
Wanawake walicheka hadi vibuyu vikamwagika.
Tulishinda kwa kura mia na kumi na mbili.

Akaenda bungeni na koti la kuazima.
Koti lilikuwa langu. Halijarudi.
Akaleta lambo; likashika maji misimu miwili,
wa tatu likashika matope
na ndama wa watu.

Kisha Operesheni. Hapa msomaji alifunua kurasa mbili kwa pamoja.
Malori alfajiri, tembe zikibomolewa,
vumbi la kuta likiingia kwenye uji wa watoto.
Orodha ya kaya niliiandika mimi,
kwa ule mwandiko wangu uliosifiwa na wakaguzi;
sahihi ni yake.
Bibi Nyemo Mbukwa alikaa juu ya paa lake la udongo
akakataa kushuka.
"Chipanha," alisema, "si wewe ndiye nyumba?"
Mheshimiwa akatazama saa.

Sabini na tano wakampa jembe.
Hakupanda juu ya debe. Hakuuliza kitu.
Watu walipanga foleni kimya kutoka asubuhi,
wakaweka vema kwenye nyumba,
vema juu ya vema,
kama wanaokandika ukuta.

Miaka iliyobaki alilima uwele, jembe la kweli,
na jioni nyingine alinituma nimsomee ile orodha.
Hakuwahi kusema inatosha.
Nilikuwa naishia njiani, nasingizia macho.

Leo kaburini mchungaji aliuliza
kama yupo mwenye neno la kuongeza.
Nikainua mkono.
Nikazungumzia koti.