Nifungie Upya

Nilikuwa na miaka kumi na sita na vidole vyepesi.
Bwana Tollefsrud akaniweka kwenye meza ya nyuma,
kati ya ngazi na jiko la makaa,
akanipa mkasi, utepe, na gombo la karatasi ya kijani
zito kama mtoto wa miaka miwili.
"Funga," akasema, "hata kama ni soksi.
Hasa kama ni soksi."

Ndivyo nilivyoijua Brandvold yote: kwa kona zake.
Nilijua nani anampa nani nini.
Nilijua daktari humnunulia mkewe manukato yaleyale kila mwaka,
na mkewe huyarudisha Januari, kwa mlango wa nyuma,
akachukua taulo.

Mji ulikuwa barabara moja na taa arobaini,
nyekundu, kijani, nyekundu, kijani,
na moja ya njano, kwa sababu Orville fundi umeme aliishiwa.
Dirishani garimoshi la bati lilizunguka mlima wa pamba,
na kioo, usawa wa kiuno changu,
kilijaa alama za pua za watoto.
Nilikifuta asubuhi.
Kufikia saa kumi pua zimerudi.

Lakini msiniambie ilikuwa pepo.
Kulikuwa na daftari.
Mwezi wa tisa Mama alinichagulia mabuti mekundu,
akawekewa chini ya kaunta, akalipa mdogo mdogo,
senti hamsini kila Jumamosi,
na kila Jumamosi Bi Tollefsrud alisoma salio kwa sauti
kama anayesoma Injili.
Foleni nzima ikasikia.
Mama akavitazama vifungo vya koti lake.
Mabuti yalikuwa makubwa kwa namba moja.
Yalinibana.

Kwa hiyo lilipofunguliwa lile duka la kando ya barabara kuu,
pana kama uwanja wa ndege,
tulikwenda sote, nami nikiwemo.
Taulo nusu bei, na hakuna anayekujua jina.
Lo, utamu wa kutojulikana!
Tuliulamba mpaka sahani ikabaki nyeupe,
na Tollefsrud akafunga,
na garimoshi likaenda mnadani, kwa mtu wa Fargo
ambaye hata hakuuliza kama linatembea.

Sasa hata kule kando ya barabara kuu ni kimya.
Kijana anashuka garini mbio, injini inanguruma,
anaweka boksi, anaupiga picha mlango wangu, ameondoka.
Mahali fulani ipo albamu ya milango yetu yote,
haina uso hata mmoja.

Mchungaji ni mmoja kwa miji mitatu.
Mkesha wa Krismasi tunausali saa tisa alasiri,
jua lingali dirishani;
tunawasha mishumaa
na inabidi uguse uone kama imewaka.
Chapati za viazi zinatoka kwenye friza.
Delores ana kile kijiti cha bibi yake cha kuzigeuzia,
ila mikono haimtii tena.

Mwaka juzi Marit wa ng'ambo ya barabara alibisha hodi,
boksi kwapani, theluji kwenye kope.
"Picha ya kitu iko nje, ubavuni," akasema.
"Mtoto ataiona. Nifungie upya."
Kesho yake wakaja wawili.
Kisha Hodan wa kiwanda cha batamzinga,
ambaye hana Krismasi kwao,
lakini mwalimu wa mwanawe anayo:
kikombe cha udongo, kilichofika bila ufa,
akanishikilia utepe kwa kidole wakati nafunga fundo.

Wananilipa mayai, jamu, kuni zilizopasuliwa.
Mwaka huu nimehesabu sitini na moja, na bado siku nne.
Meza ya jikoni ni fupi kuliko ile.
Magoti yanalalamika. Kona zinatii.

Na risiti nikiikuta ndani, siisomi.
Naitia motoni.
Moto husoma kimyakimya.