Nondo wa Ausuittuq

Mwaka wa kwanza nilidhani ni uzi
uliochomoka kwenye glavu ya Maata:
kitu cha hudhurungi, kimejikunja chini ya jiwe,
kigumu kama kokoto. Nikakigonga kwa ukucha.
Kikalia: ta.

Nikakitia mfukoni pamoja na plagi ya pikipiki,
nikasahau.
Jioni, karibu na jiko, mfuko ukatembea.
Hapo kile kikawa yule.

Maata alipiga ukelele, mbwa wote wakaamka.
Kwao, Mittimatalik, kiwavi mwenye manyoya
hapewi mgongo, wala haingizwi nyumbani.
"Mrudishe, Tatigat! Mrudishe alikotoka,
na usije ukamhesabia miaka."

Nimeihesabu.

Kiangazi chetu ni kupepesa jicho,
naye hatumii hata chote.
Wiki tatu, nne, juu ya mwerebi
usiofika kifundo cha mguu,
anatafuna machipukizi, anaota jua
ubavu huu, anageuka, ubavu ule.
Juni haijaisha, majani bado mabichi,
yeye huyo! chini ya jiwe, anajifungia kwa hariri.
Miezi kumi na moja ni barafu mpaka moyoni.
Hafi.

Wakati huohuo Josepi wetu ameota meno,
ameyang'oa ya mbele,
amejua kuandika jina lake
kwenye vumbi la tangi la dizeli.

Wenzake wengi hawakufika.
Nyigu aliwatagia mayai tumboni;
waliliwa kutoka ndani, wakiwa wangali wanatembea.

Mwaka wa saba, jiwe lilelile: kifukofuko,
na juu yake jike,
kijivu cha majivu ya jana,
mistari myeusi imepinda mabawani
kama mwandiko wa mgonjwa,
mwili mzito, manyoya na mayai matupu.
Mabawa anayo. Hakuruka.
Hali, hanywi.
Dume alifuata harufu upepo ukimpinga,
akafika, akaondoka.
Naye akataga palepale, juu ya kitanda alichozaliwa.

Maata alikuja siku hiyo, akachutama mbali kidogo,
viganja kwapani.
"Miaka saba," akasema. "Kwa hili?"

Sikuwa na jibu.
Upepo ulimpindua nondo chali, ukamrudisha.

Maata akatazama nyuma, kijijini.
Kisha akasogea, akavua glavu,
akapanga mawe matatu upande wa kaskazini.

"Usimwambie mama," akasema.