Kadi ya Nne

Kadi ya kwanza niliijaza Chiromo.
Lekishon wa ramani alisema: kaskazini,
mengine yote porojo.
Dakta Achola akaniinulia chupa:
chembe hizi, zikipitiwa na umeme,
hujipanga kichwa upande mmoja
kama watoto paredi ya Ijumaa.

Mutheu wa hisabati hakusema kitu.
Alikata ukanda wa karatasi, akaupinda mara moja,
akagundisha ncha.
"Utembeze humu mkono wa kulia.
Ukirudi ulikotoka ni wa kushoto,
na hakuna aliyeugeuza."

Nikarudi Pumwani na kadi tatu,
nikidhani usiku huo nitaandika:
mwelekeo, nomino.

Jumanne, wodini Mbagathi,
daktari kijana alimwinamia mama.
Leo siku gani? Hapa wapi? Huyu nani?
Leo, mama akasema, siku ya kufua.
Hapa kwa Bi Tatu.
Huyu — akanikazia macho kitambo —
huyu ana njaa.
Faili ikaandikwa: mwelekeo, sufuri kwa tatu.

Kweli, sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu alfajiri.

Alasiri, bila adhana kusikika,
akajigeuza kitandani peke yake,
bega, nyonga, mwisho miguu,
akautazama ukuta usio na dirisha.
Nilitoa simu, nikapima.
Kaskazini ile ile ya Lekishon,
na nyuzi saba kuelekea mashariki.

Nikashuka kununua chapati.
Kadi ya nne ningali nayo,
haina neno.