Daftari la Chungu

Mimi ndiye katibu. Nambozo, mshona sare za shule,
mwenye mwandiko unaosomeka hata malwa ikishapanda kichwani.
Chungu chetu kiko Namakwekwe, nyuma ya kinu cha unga,
na kina katiba. Usicheke: kina katiba,
vifungu kumi na kimoja, na muhuri tuliouchonga kwa soli ya ndala.

Cha kwanza: usipulize mrija, hii si supu.
Cha nne: mkono wa kushoto ubaki mfukoni.
Cha saba: anayemwaga maji moto ananunua birika jingine.
Cha tisa ndicho chenye shida:
utani usiingie nyumba ya mtu.

Basi, miaka sita tumemwita Okiror mvulana,
kwa kuwa kwao Soroti hawapiti kisuni kama sisi.
Mvulana, sogeza kiti.
Mvulana, mama yako anajua uko hapa?
Naye ana wajukuu wawili na mvi za masikioni.
Alikuwa akicheka, akivuta mrija, akitujibu kidogokidogo
kama mtu anayelipa mkopo kwa sarafu.
Faini: hakuna. Nimepekua kurasa zote. Hakuna.

Ijumaa ile Mwenyekiti Wamimbi akaanza tena.
Okiror akafuta povu mdomoni, polepole:
"Wewe kisu kilikufanya mwanamume asubuhi moja.
Mwenye duka anakufanya mtoto kila jioni,
ukipita kwake umejikunja nyuma ya mwavuli."

Lo.
Kuna mzaha wa kuchekwa, na kuna mzaha
unaowafanya watu wahesabu vidole vya miguu yao.
Deni lilikuwa la kweli. Sote tulilijua,
ndiyo maana hakuna aliyejua pa kutazama.

"Mwezi mmoja nje ya chungu! Andika, katibu: matusi."
Nikauliza, matusi yapi?
"Hayo hayo."
Niyaandike yote, yasomwe kwenye mkutano mkuu?
Akafikiri. "Basi usiyaandike. Andika tu kwamba yalikuwapo."
Khaukha, mweka hazina, akasema sheria ni sheria.
Nafuna akasema sheria gani,
huo uvulana mnaoushika kila siku
uko nyumba ya nani kama si ya mwenyewe?
Kura tano kwa nne. Katibu hapigi kura.
Sijawahi kuushukuru ukatibu kama siku ile,
wala kuuonea aibu.

Mrija wa Okiror ukatundikwa msumarini.

Wiki ya pili akaja na kigoda chake,
akakaa nje ya ua wa mabati, kwenye njia ya umma,
na chupa ya soda, na maneno yakaanza kuruka ua:
"Khaukha! Hizo hela unazihesabu au unazichuja?
Kila ukimaliza zimepungua!"
Mtu akacheka. Mwenyekiti akagonga benchi:
marufuku kucheka kitu kilichotoka nje.
Tukajadili saa nzima, maji yakapoa birikani.
Je, mabati ni mpaka wa masikio?
Je, aliyetabasamu tu, alipe nusu?

Ndipo sauti ikaja tena, ya chini,
kama ya mtu anayeongea na soda yake:
"Wamimbi, huo mwavuli unatosha watu wawili.
Mimi pia nadaiwa palepale."

Mwenyekiti alikuwa na mrija mdomoni.
Nilimwona akijizuia, shingo imevimba,
macho yameng'ang'ania paa.
Kisha kicheko kikapita kwenye mwanya pekee kilioupata:
chungu kikatokota, mapovu yakapanda hadi ukingoni
yakamwagikia viatu vya Khaukha.

Kifungu cha kwanza. Shilingi elfu mbili.
Nimeandika jina lake kwa wino, nimeandika tarehe.
Mpaka leo hajatia sahihi,
anasema kilikuwa kikohozi.

Mrija wa Okiror bado uko msumarini, zimebaki siku tisa.
Ila kuna mtu, simtaji,
aliuosha jana jioni, akaupangusa,
akaurudisha pale pale, umeelekezwa langoni.