Natafuta Dereva, Mkomani

Mji wetu una punda na mikokoteni,
magari ya kuhesabu kwa vidole,
nami tangu isha natafuta dereva.

Si wa usukani. Wa ndani ya laptopu,
yule aiambiaye prosesa ikimbie au itambae.
Yangu yatambaa. Megahazi mia nne
asubuhi, mia nne saa sita za usiku,
utadhani imeisikia ile methali ya haraka na baraka
ikaishika kama dini.

Ijumaa mamake Khultum aja kuchukua video ya harusi.
Picha moja yachukua dakika nzima kugeuka:
jicho la bibi harusi, lenye wanja,
lainuka nusu
likakwama hapo.

Fundi ni Twalib, na Twalib ni mwanamume.
Humu ndani mna wanawake mia mbili, vichwa wazi,
wamejipamba, wacheza,
walioiamini kamera kwa kuwa nyuma yake nilikuwa mimi.
Basi yeye kaketi dakani, mimi nyuma ya mlango,
na mbao za mlango ndizo waya wetu.

"Waona nini?"
"Linuksi yataka nywila."
"Itie. Sasa nisomea jina la dereva, herufi kwa herufi."
"I, n, t, e, l. Kistari cha chini. P, s, t—"
"Basi, namjua. Na gavana?"
Nikacheka. Hata humu mna gavana?
"Yumo. Ndiye aamuaye nguvu itolewe kiasi gani."
Gavana wangu jina lake Mbana Matumizi.
Sikumpigia kura. Nilikuwa tayari kumng'oa saa ile ile.
"Mwache. Kwa dereva huyu, kazi ikizidi naye huzidisha mwendo.
Wamsingizia bure."

Tukamfukuza dereva badala yake:
neno moja kwenye mstari wa kuwashia, tukazima, tukawasha.
Kuwaka kwenyewe ningechambua pishi nzima ya mchele.
Akaingia dereva mwingine, wa zamani zaidi.
Mia nne.
Tukamrudisha wa kwanza. Mia nne.
Ukomo umeandikwa elfu mbili mia nane,
mwendo mia nne.
"Joto?"
Nyuzi arubaini na moja. Haina homa.

Kimya huko dakani. Nilidhani ameondoka.
Kisha: "Zeina, chaja ni ya nani?"
Ya wifi yangu. Yangu iliungua juma lililopita
umeme uliporudi kwa kishindo.
"Yaingia?"
"Yaingia sawasawa."
"Kuingia si kujuana."

Akanieleza, shavu karibu na mbao nadhani,
kwamba katikati ya pini mna uzi mwembamba
ambao chaja hupitishia jina lake:
mimi ni fulani, nimebeba wati kadhaa.
Hii ya wifi haisemi kitu. Haikupiga hodi.
Na mashine yenye adabu haimfukuzi mgeni asiye na jina,
wala haimfikishi ndani.
Humketisha dakani, humpa maji, basi.

Hatukusema neno kwa muda, sote wawili.

Nikasikia kandambili zake zikielekea Langoni.
Akarudi na chaja kuukuu, shingo imefungwa utepe mweusi,
akaipitisha kwenye mwanya wa chini ya mlango,
waya kwanza, kisha tofali lake likakwaruza sakafu.

Mia nne.
Mia tisa. Elfu moja mia saba.
Feni ikavuma kama cherehani ya mkesha wa Idi,
Khultum akamaliza kuinua jicho
na akatabasamu. Sikujua kama alitabasamu.
Siku ile nilikuwa natazama mwanga, si yeye.

"Imekubali?"
"Elfu mbili mia nane."
"Alhamdulillahi. Chaja nitaijia Jumamosi."

Gavana hatukumgusa. Yupo pale pale.
Nikafunika skrini kwa leso,
nikamimina kahawa,
nikafungua mlango
upana wa kikombe.