Kipimo

Mimina taratibu, Veikko. Chumvi hii si ya mchuzi.
Ni ya kalsiamu, na ikikutana na maji
haingoji moto, inajichemsha yenyewe.
Weka kiganja ubavuni mwa tangi. Umesikia?
Nje ni nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
humu bati lina homa.

Sasa tumbukiza haidromita.
Maji matupu yangeimeza mpaka shingoni;
haya yanaikataa, yanaisukuma juu
kama mtoto aliyeshiba anavyosukuma kijiko.
Soma pale uso wa maji unapokata mstari,
usikisie. Moja nukta mbili nane. Andika.

Chovya kidole. Utelezi huo
ni maji yaliyobeba mzigo yakapunguza mwendo.
Kifute upesi,
yatakufyonza unyevu hadi ngozi ipasuke.

Mwaka wangu wa kwanza nilidhani kuzidisha ndiyo hekima.
Ndugu yangu Reino alikuwa ameteleza darajani, kule Ristikoski;
gari lake lilionekana mwezi wa nne, mto ulipofunguka.
Basi nikaongeza magunia. Sita. Nane. Kumi na moja.
Nilitaka maji ambayo hakuna baridi ingeyakamata.

Asubuhi pampu ilikohoa, ikanyamaza.
Tangi zima limeganda, jeupe, gumu kama jiwe,
na huko nje
hata theluji ya kwanza ilikuwa haijaanguka.

Ndivyo yalivyo, kijana. Kila konzi ya chumvi
huisogeza baridi mbali kidogo, na kidogo tena,
mpaka asilimia thelathini; hapo maji hustahimili
karibu nyuzi hamsini chini ya sifuri.
Ukivuka, konzi ileile inakugeuka,
inairudisha baridi mlangoni.
Kitabuni wamelichora kama bonde:
mstari unashuka, unagusa chini, unapanda.
Mimi nilikuwa nimeshaanza kupanda ule upande wa pili,
gunia begani, bila habari.

Haya, funga mfuniko. Lori linangoja,
na chumvi imeshalitafuna bodi lake vya kutosha.
Tukifika darajani utaniona nafungua koki
kiasi kilekile ninachofungua mbele ya shule,
mbele ya duka la Hilkka.
Siongezi hata tone.

Ila hapo huwa napunguza mwendo.
Usiniulize kitu mpaka tuvuke.