Kabari

Picha zilikuwa arobaini na moja.
Fremu zote nilizitengeneza mimi,
kwa mninga nilioukopa kwa Chilewa wa Majengo,
wiki tatu, umeme ukikatika nawasha kandili,
gundi ikinuka mpaka kwenye uji wa watoto.

Zilikuwa picha za Ntyuka, za wanawake wa kokoto.
Nyundo hewani. Nyundo chini. Vumbi limetua kwenye nyusi
kama unga wa uwele kwa aliyetoka kutwanga.
Yaledi, mpiga picha, alikaa nao kiangazi kizima,
akapasua mawe mpaka kidole gumba kikavimba,
ndipo akaitoa kamera mkobani.

Maonyesho yalikaa siku tisa, ukumbi wa ushirika.
Wakaja wa suti. Wakaja wanafunzi, mistari miwili.
Mkandarasi mmoja alisimama mbele ya namba kumi na saba,
akaisoma kama mtu anayesoma risiti,
akatoka, hakusaini kitabu cha wageni.

Siku ya saba akaja mwenyewe wa kumi na saba,
Sechelela Mbijima, na viatu vya kuazima,
nilijua kwa jinsi alivyokanyaga.
Akajitazama muda mrefu
kisha akaweka kiganja ukutani, nje ya fremu,
upande wa kushoto, pale pasipo na kitu.
"Hapa alikuwapo Matika," akasema.
"Amekaa hapa, anakula udongo. Namkataza.
Tazameni mdomo wangu."

Tukatazama. Kweli, mdomo ulikuwa unasema.
Siku zote sita tulidhani ni uchovu.

"Amekwenda wapi?"
Hakuwa anauliza mtoto. Alikokwenda mtoto alikujua,
Machi ile, homa, mahindi hayajabeba.
Alikuwa anauliza upande wa picha.

Niliukata mimi.
Picha ilizidi fremu kwa vidole viwili,
mbao imekwisha, na deni la Chilewa linanuna,
nikachukua wembe na rula,
nikasema moyoni: pembeni kuna nini?

Usiku ule nilifungua fremu moja moja.
Fundi hatupi kitu: vile vipande nilikuwa nimevikunja
nikavifanya kabari, vioo visicheze.
Nikang'oa misumari, namba moja, namba mbili,
wingu, ukingo wa karai, nusu ya jogoo wa mtu,
kivuli cha Yaledi mwenyewe.
Namba thelathini na tatu: shavu. Sikio.
Ngumi ndogo imejaa udongo.
Imekunjwa mara nne.

Nikainyoosha kwa pasi ya mkaa, kitambaa juu.
Mikunjo haikutoka.

Ni miaka kumi na minne sasa.
Barabara ya Mtumba ina taa, kokoto inasagwa kwa mashine.
Wanasema yule mkandarasi aliongeza bei ya ndoo
wiki ileile; wengine wanasema alibadilisha ndoo tu,
akaleta kubwa zaidi. Sijui.
Yaledi anapiga harusi.
Mimi nimebaki na ugonjwa huu:
mteja akileta picha ya kipaimara, ya mahafali,
macho yangu huanzia kingoni.
Huu mkono begani ni wa nani? Huyu aliyekatwa ni nani?
Wengine hukasirika, huenda kwa fundi wa alumini
ambaye haulizi.
Fremu zangu ni pana, zinakula mbao.
Mke wangu anasema nauza ukuta.

Na kwa Sechelela iko palepale, juu ya debe la uwele:
mama, kisha ufa mwembamba, kisha Matika
mwenye msalaba wa mikunjo usoni.
Gundi imegeuka njano.

Juzi amemtuma mjukuu:
kioo kimelegea, kinacheza upepo ukipita,
niende na kabari.

Nimechonga ya mti.